Picha Kumi na Mbili na Mate ya Etelka

Nimepima mashamba ya watu, nimechunga mabata bukini Orosháza, nimepaka rangi minara ya makanisa mpaka mgongo ukagoma. Shule niliisoma vipande vipande, kila baridi ilipokuwa kali kiasi cha kunikalisha ndani. Lakini hakuna kazi iliyonishangaza kama ile niliyoipata katika hospitali hapa Szeged, Hungaria, nikiwa na miaka sitini na sita: kukaa mbele ya kompyuta, nikashika kalamu ya umeme, nikachora mipaka kuzunguka tezi za mate za watu nisiowajua.

Aliyenichukua ni Daktari Hegyesi Lilla wa tiba ya mionzi, mwanamke mfupi anayetembea kana kwamba sakafu inamchoma. Alisikia kwamba zamani nilichora ramani za mashamba.

"Mjomba Vendel, mkono wako unatetemeka?"

"Nikipata pálinka kidogo, ile pombe yetu ya matunda, asubuhi, hautetemeki."

"Basi hapa utatetemeka. Keti."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu mwenye uvimbe kooni hupigwa picha za kichwa na shingo, vipande vyembamba kama mkate uliokatwa. Kabla mionzi haijawashwa, ni lazima kila kipande kichorwe: huu uti wa mgongo, usichome, hii tezi ya mate, usichome. Daktari Lilla alikuwa akichora mwenyewe, saa tatu au nne kwa mgonjwa mmoja, na huko nje foleni inarefuka. Ndipo akatengeneza programu ya kumsaidia.

Programu yenyewe haikujua tezi ni mnyama gani. Ilipewa picha kumi na mbili za wagonjwa wa zamani ambazo watu wameshazichora kwa mkono, picha za rejea. Akija mgonjwa mpya, inachukua picha ya rejea moja moja, inaivuta hapa, inaibana pale, mpaka kichwa cha yule wa zamani kinamkaa huyu mpya kama kofia. Michoro nayo inavutika humo humo. Halafu, kwa kila nukta, inapigwa kura: nyinyi kumi na wawili, hapa ni tezi au si tezi? Wengi wape.

"Kwa nini usitafute picha moja tu iliyochorwa vizuri?" nilimwuliza.

"Kwa sababu kila mtu hukosea, Mjomba. Ila kila mtu hukosea kivyake. Ukiwachanganya, makosa yanapigana yenyewe kwa yenyewe, ukweli unabaki umekaa."

Nikaona hiyo ni akili. Tena akatupa sheria moja tu: kila mchoraji achore peke yake, asichungulie ya mwenzake.

Tulikuwa wanne, picha tatu tatu kila mmoja. Mimi. Orsolya, muuguzi mstaafu, aliyevaa miwani miwili kwa wakati mmoja. Tihamér, aliyekuwa mwalimu wa kuchora, mtu wa maneno matano kwa siku. Na Kázmér, daktari wa mifugo mstaafu, mkubwa kama kabati, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto.

Sheria tuliishika wiki tatu. Kisha ikaja Oktoba, siku ya jina la Orsolya, ambayo kwetu husherehekewa kama siku ya kuzaliwa. Alileta vimkate vya chumvi vyenye mafuta ya nguruwe, vya moto bado, na mtu hawezi kula vimkate vya namna hiyo amekaa peke yake kwenye kona kama aliyeadhibiwa. Tukasogeza meza. Meza zikasogea na kompyuta zake. Kázmér, mdomo umejaa, akainamia kioo cha Orsolya.

"Dada, hii nini? Tezi umeipitisha nyuma ya taya mpaka ndani kwa ndani! Umeitia mkia? Tezi hii au mjusi?"

"Ndivyo ninavyoona, Kázmér."

"Unavyoona! Mimi nimepasua nguruwe tangu wewe unasuka nywele. Tezi inakaa hapa, juu, chini ya ngozi. Ikifika ukingo wa taya, kwisha. Kushoto hivyo, kulia hivyo." Akachora kwenye kitambaa cha karatasi, mstari mmoja, mzuri, sitauficha uzuri wake.

Tungembishia vipi? Kila mmoja wetu alikuwa ameshika sikio la nguruwe anayechinjwa asubuhi ya Desemba tangu utotoni, mvuke unapanda, wajomba wanaimba, shangazi wanaosha utumbo. Tezi ya mate sote tuliijua kabla hatujajua kusoma. Tihamér akatoa maneno yake mawili: "Kweli. Nakumbuka." Orsolya akafuta mkia. Mimi nami nilikuwa nimeuchora mkia kama huo katika picha zangu mbili. Niliutazama, nikamtazama Kázmér, nikachukua kimkate kingine, nikaufuta.

Sijui kwa nini. Sisi ni watu ambao ndugu wa damu wamenuniana miaka kumi kwa sababu mmoja alitia tambi kwenye supu ya samaki na mwingine hakutia. Lakini siku ile, mbele ya tezi za watu, tuliona aibu kutofautiana. Tukapeleka picha kumi na mbili zilizofanana kama mayai.

Daktari Lilla akaijaribu programu yake. Akaitoa picha moja, akaziambia zile kumi na moja ziikisie, akalinganisha na tulivyochora sisi. Tisini na sita kwa mia! Alituletea keki. Hakuna aliyemwambia kwamba huo ni mtihani uliosahihishwa na mwanafunzi aliyenakili kwa mwenzake.

Programu ilikuwa na uzuri mmoja zaidi. Pale picha za rejea zilipokubaliana, ilipaka kijani. Pale zilipogawanyika, ilipaka nyekundu. Daktari alipanga kuyakagua mekundu kwa macho yake mwenyewe na kuyapitisha ya kijani, kwa kuwa ana wagonjwa arobaini na macho mawili.

Mgonjwa wa kwanza wa kweli alikuja Machi, siku ya Alhamisi. Alikuwa Etelka.

Etelka nilimjua tangu nilipopima shamba la baba yake. Kazi yake ilikuwa kuonja pilipili nyekundu kwenye kinu cha Röszke, miaka thelathini na minane. Ukimwekea unga kidogo kwenye ulimi, anakwambia ulikaushwa juani au kwenye tanuri, mbegu zilikuwa ngapi, na kama mwenye shamba ni mvivu wa kupalilia. Nilimkuta kwenye benchi la korido, kofia mapajani.

"Vendel! Nawe unaumwa?"

"Naumwa uzee tu. Nafanya kazi hapa."

"Hapa? Aliyekuajiri alikuwa amelewa?"

"Mimi ndiye niliyekatazwa kulewa."

Akacheka, halafu akashika koo. Nikakaa kando yake.

"Uvimbe wataumaliza," akasema. "Daktari ameniahidi, kadiri daktari anavyoweza kuahidi. Ninachoogopa ni mdomo. Tezi zikiungua mate hayarudi, Vendel. Ya kushoto iko jirani na uvimbe, hiyo imekwenda na maji. Nimebaki na ya kulia. Na ulimi mkavu hauonji kitu. Nitarudi kinuni kufanya nini, kufagia?"

"Ya kulia tutailinda."

"Nani, wewe?"

"Mimi na wenzangu. Ndiyo kazi yangu, nachora tezi."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mungu anisaidie," akasema.

Daktari Lilla akatuita ndani, maana Etelka aliomba aone picha yake kabla ya kukubali chochote. Mionzi ilikuwa ianze Jumatatu. Kwenye kioo palikuwa na shingo yake, vipande juu ya vipande, na tezi ya kulia ikiwa imepakwa kijani kizuri kama jani la majira ya kuchipua. Hakukuwa na hata punje ya nyekundu.

"Unaona, Shangazi Etelka?" Daktari aling'ara. "Watu wanne walichora, picha kumi na mbili, zote kumi na mbili zimesema neno moja. Kwa mchoro huu tezi yako itapata kipimo cha mionzi cha ishirini na moja. Mimi huogopa kikivuka ishirini na sita. Hapa tumo salama."

Etelka hakufurahi. Aliegemeza kidevu mkononi akakitazama kile kijani kama anavyoutazama unga wa mtu asiyemwamini.

"Mwanangu," akasema, "pale kinuni tunaonja watano. Tunaujua unga kama makuhani wanavyoijua misa. Katika miaka thelathini na minane, ndimi tano hazijawahi kukubaliana sawasawa juu ya gunia hata moja. Mmoja atasema tamu, wa pili chungu kidogo, wa tatu ataona moshi. Ndiyo maana tunafungiwa kila mtu kwenye kijumba chake, na ni marufuku hata kukunja uso. Siku moja tu tulikubaliana watano wote. Unajua kwa nini? Msimamizi alipita akasema, 'Leo ni nzuri, eeh?' kabla hatujaweka mdomoni. Gunia lile lilikuwa na ukungu."

Daktari alitabasamu kwa adabu. "Hapa kila mmoja amechora peke yake."

"Sawa. Lakini hawa kumi na wawili ni wazuri mno. Nani amemnong'oneza nani?"

"Hakuna, Shangazi. Si ndiyo, Mjomba Vendel?"

Nimewahi kutobokewa na mashua katikati ya mto Tisza uliofurika, na sikutamani kuwa kwingine kama nilivyotamani dakika ile. Ningesema ndiyo, neno moja tu. Etelka alikuwa ananitazama mdomoni, si machoni, kama mtu anayesubiri ladha.

"Kulikuwa na vimkate," nikasema.

"Vimkate gani?"

Nikaeleza yote: siku ya jina, meza, kitambaa cha karatasi, mikia iliyofutwa. Nilipofika kwa nguruwe Daktari Lilla alikaa chini.

"Nguruwe," akasema.

"Nguruwe, Daktari."

"Tezi ya binadamu mmeipigia kura kwa nguruwe."

"Tulikubaliana wote," nikasema, na nilipojisikia nikaona jinsi sentensi ile ilivyo ya kijinga.

Etelka alicheka mpaka akakohoa, akapigapiga meza. "Marehemu mume wangu aliniita hivyo hivyo nilipokasirika! Basi angalau mlipata mfano wa karibu."

"Mjomba Vendel, unajua Jumatatu ni lini?"

"Baada ya Jumapili."

"Usinichekeshe, nimekasirika." Alikuwa amekasirika kweli, masikio yalimwiva. Akavuta kiti, akaifungua picha ya Etelka kipande baada ya kipande, akisogeza pua karibu na kioo. Nyuma ya taya la kulia palikuwa pameparaganyika: meno ya Etelka yaliyozibwa kwa chuma yalitupa miale myeupe iliyopita katikati ya picha kama miguu ya buibui. "Hapa mimi mwenyewe sioni vizuri. Kuna kitu, lakini kinaishia wapi? Jicho langu ni moja tu, na limeshasikia habari zenu. Ndiyo maana nilitaka macho mengi yasiyojuana!"

"Yatafute tena," Etelka akamwambia. "Watu ni wale wale, wafungie tu kwenye vijumba."

Ijumaa saa mbili asubuhi tulikuwa tumefungiwa. Orsolya alipewa chumba cha bandeji. Tihamér aliwekwa jikoni, ambako hakukuwa na wa kuzungumza naye, kwa hiyo hakugundua tofauti yoyote. Mimi niliwekwa karibu na lifti. Kázmér alipewa stoo ya viti vibovu, na Kázmér hakutaka.

"Nimetibu nusu ya mkoa huu!" alinguruma koridoni. "Leo nifungiwe na viti? Daktari, mimi najua tezi!"

"Najua unaijua, Mjomba Kázmér. Nakuomba uchore unachokiona kwenye picha hii, si unachokikumbuka."

"Ni kitu kile kile!"

Hapo ndipo Etelka alipotokea, ametoka kupimwa barakoa ya plastiki ya kushikia kichwa wakati wa mionzi, uso una alama za wavu.

"Wewe ndiye Daktari Kázmér wa nguruwe? Tulikuletea nguruwe wetu jike mwaka ule wa mafuriko. Ukampapasa, ukatuambia ana mimba, watoto tisa. Tukamngoja mpaka Pasaka."

Kázmér akamgeukia. "Na?"

"Alikuwa mnene tu."

Orsolya alicheka kwanza kutoka kwenye bandeji zake, kisha hata Tihamér alisikika jikoni. Kázmér alisimama amefura, nikadhani ataondoka. Lakini alikuwa anaitazama shingo ya Etelka, pale chini ya sikio la kulia, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kwake tezi ile kuwa ya mtu.

"Ni wewe unayeanza Jumatatu?" akauliza, kwa sauti ndogo nisiyojua kwamba anayo.

"Ni mimi."

Akaingia stoo akafunga mlango.

Tulichora Ijumaa nzima na Jumamosi mpaka adhuhuri. Sitasema ilikuwa rahisi. Ukiwa peke yako huna wa kumlaumu wala wa kumfuata. Kila mstari ni wako. Picha zangu tatu nilizianza upya, na mkia ule ukarudi katika mbili kama nilivyouona zamani. Katika ya tatu sikuuona, nikauacha. Saa tano hivi Kázmér akatoa kichwa mlangoni.

"Vendel. Psst. Unajua, ule mkia..."

Nikaziba masikio. "Usiniambie!"

"Nataka tu kusema kwamba..."

"Kázmér, funga mlango huo la sivyo namwita Etelka!"

Akaufunga.

Adhuhuri Daktari Lilla akaziingiza picha kumi na mbili mpya akairusha programu juu ya shingo ya Etelka. Tulisimama nyuma yake wanne, hatuthubutu hata kupumua kwa sauti moja. Kijani kikaja kwanza, kile cha juu, chini ya ngozi; hapo hata nguruwe wasingebisha. Kisha nyuma ya taya, kikiingia ndani, kikatokea kipande chekundu chembamba, kimepinda kama pilipili iliyoanikwa. Saba walisema tezi. Watano walisema si tezi.

"Tumegawanyika," Orsolya akanong'ona, kwa huzuni kidogo.

"Mmegawanyika!" Daktari Lilla akaruka kitini, akambusu Kázmér kwenye upara, maana ndiye aliyekuwa karibu. "Hapa, hapa ndipo pa kutazama!"

Alimpigia simu mtaalamu wa picha aliyekuwa bustanini kwake akipogoa mizabibu. Mtu akaja na matope kwenye viatu. Walikaa wawili juu ya kile chekundu saa nzima, kipande kwa kipande, wakifuata michoro saba na mitano chini ya ile miale ya meno. Mkia ulikuwapo. Haukuwa mrefu kama wangu, mimi niliuzidisha. Orsolya alikuwa karibu zaidi. Kázmér aliuchora katika picha zake zote tatu, na hakujisifu, jambo lililotutia wasiwasi.

Kisha wakahesabu upya. Ile ishirini na moja ya Alhamisi ilikuwa ya tezi isiyo na mkia. Mkia ulipohesabiwa, tezi nzima ilikuwa ipate thelathini na tatu. Tihamér alitoka nje kuvuta sigara, na yeye havuti.

Daktari Lilla aligeuza miale ya mionzi upande huu na ule na mtu wa hesabu za mionzi, mpaka jioni namba ikasoma ishirini na nne na uvimbe haujapunguziwa chochote. Alimpigia Etelka simu mbele yetu. Tulisikia sauti ya Etelka ikitoka kwenye kipaza sauti cha simu:

"Na safari hii walikubaliana?"

"Hapana, Shangazi. Waligombana."

"Haya. Nitakuja Jumatatu."

Mionzi ilimchukua wiki saba. Sitasema ilikuwa mchezo: alikonda, alikunywa supu kwa mrija, na mate yalimkauka katika mwezi wa pili wa matibabu mpaka akabeba chupa ya maji kama mtoto na mdoli. Daktari alisema tungoje, tezi iliyolindwa huamka polepole. Mwezi wa Juni ilikuwa kavu. Julai kavu. Kázmér alikuwa akimpelekea matango kila Jumapili na kurudi bila kusema neno, sisi tukijua asiulizwe.

Septemba pilipili mpya zilipoanza kusagwa, alituita Röszke. Walituruhusu tusimame nyuma ya kioo, kimya, mikono mifukoni, uso usikunjwe. Etelka aliingia kwenye kijumba chake, akavuta mlango. Akachukua unga kwa ncha ya kijiko, akauweka kwenye ulimi, akafumba macho.

Kázmér alinishika mkono kwa nguvu, vidole vyangu vinauma mpaka leo.

Etelka akafungua macho, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kisha akainama juu ya beseni, kama waonjaji wote wafanyavyo, akatema mate: mengi, mekundu, yenye mlio.

"Safi sana," akasema Kázmér, akatoa leso.